Mgongo Ulioitwa Kiburi

Ugonjwa wangu ulianza kama utovu wa adabu. Pale Kasansa watu waliniita mwenye kiburi kwa msimu mzima kabla mtu yeyote hajaniita mgonjwa, na mimi niliona afadhali jina hilo kuliko kusema kweli.

Naandika kwa sababu nimezoea kuitwa. Mtu akiambiwa hospitali kwamba kifua kikuu kimemwingia kwenye uti wa mgongo, ndugu zake wananitafuta. Nakaa kando ya kitanda, mgonjwa ananiangalia mgongo kwanza, uso baadaye. Halafu anauliza yale yale wanayouliza wote: kama atatembea, kama itauma, kama mume atamngoja. Mambo ya vijidudu na majina ya dawa nawaachia madaktari. Mimi nina ya mtu aliyelala chali muda mrefu akiangalia dari, na hayo ndiyo nitakayoyasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimeolewa na Masanja, mtoto wa mama mmoja mjane aliyehamia Kasansa, huko Mpimbwe, kutoka Shinyanga na wanawe na ng'ombe wake. Wazazi wangu nao walitoka huko huko Usukumani, ila wao waliishia Litapunga, karibu na Mpanda mjini. Tulikuwa na mtoto mmoja, Minza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Kwetu Wasukuma, mke akikutana na mkwe wake hupiga magoti. Tope si udhuru. Kama ana ndoo kichwani anaitua, anashuka chini, anatoa salamu, anangoja ajibiwe, ndipo anainuka. Mama mkwe wangu, niliyemwita mayu kama tunavyowaita mama zetu, alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Ugali mbichi aliweza kuusamehe. Magoti hakuyasamehe kwa mtu.

Maumivu yalinianza wakati wa kupandikiza mpunga, na hilo lilinidanganya, maana wakati wa kupandikiza hakuna mgongo usiouma Kasansa nzima. Jioni wanawake wote tulikuwa tunarudi tumeshika viuno, tunataniana kwamba tumekuwa vikongwe. Kazi ilipoisha wenzangu wakaachia viuno vyao. Mimi nikaendelea kushika changu. Maumivu yalikaa mahali pamoja, katikati ya mgongo, chini kidogo ya pale mtoto anapoegemeza shavu akiwa amebebwa. Jioni nilipata homa ndogo, usiku nikatoka jasho la kulowanisha shuka, na magauni yangu yakaanza kunipwaya. Nilimwambia Masanja ni malaria, naye hakuwa na sababu ya kubisha.

Kushuka niliweza. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikishapiga magoti sinyanyuki mpaka nishike kitu: ukuta, mti wa uzio, siku moja nilimshika mbuzi. Nikaanza kumkwepa mayu. Nikimwona anakuja nazunguka nyuma ya ghala la mahindi. Tukikutana uso kwa uso namsalimia kwa haraka nikiwa nimesimama, nageuka kana kwamba nimesikia sufuria inafurika jikoni. Ilifurika mara nyingi sana sufuria ile.

Utauliza kwa nini sikusema naumwa. Nilitolewa ng'ombe wengi, na ng'ombe wale walitolewa kwa ajili ya mgongo wangu. Washenga walipokuja Litapunga walinitazama nikitwanga na nikileta maji, na nilimsikia mmoja wao kwa masikio yangu akisema, "Huyu ana mgongo wa kulima." Sasa, mke mwenye kiburi hufundishwa. Mke mwenye mgongo mbovu hurudishwa kwao, ng'ombe wanadaiwa, na mtoto anabaki upande wa baba yake. Nilipima mambo hayo mawili nikachagua kiburi.

Minza alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikuwa akija na kukamata gauni langu kwa nyuma, ananyoosha mikono nimbebe, nami namwambia mama amechoka. Baada ya muda akaacha kuja kwa nyuma. Alikuwa akinijia kwa mbele tu, akikaa miguuni pangu.

Kisha wakaja kaka zake mayu, wazee wawili, wageni wa heshima kabisa. Niliwapelekea maji ya kunawa, nikawasalimia nimesimama wima mbele yao. Sikuwa na mahali pa kushika.

"Nyie mmemwona wenyewe," mayu aliwaambia. "Mimi kwenye kaya yangu nasalimiwa kama karani wa kijiji. Shule imemkausha magoti."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jambo ambalo wifi zangu hawakulipata, kwa hiyo maelezo hayo yalimtosheleza kila mtu. Jioni ile ile tulikalishwa. Masanja aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo naikumbuka, "Kabula, una nini?"

"Sina kitu," nikasema.

Wazee wakaamua nirudishwe kwa wazazi wangu nikafundwe upya. Haikuwa talaka. Kwetu utaratibu huo upo: binti anarudi kwao kukumbushwa adabu, kisha anafuatwa. Nikaingia ndani kuchukua nguo zangu na za mtoto. Mayu akasimama mlangoni.

"Mtoto anabaki," alisema. "Siku ukikumbuka magoti yako uliyaweka wapi, utamkuta."

Hapo niliumia kuliko nilivyowahi kuumizwa na mgongo, na bado sikusema.

Niliondoka juu ya lori la mpunga. Kutoka Kibaoni kwenda Sitalike barabara inapita katikati ya mbuga, na mvua zilikuwa zimeichimba. Abiria wengine walikaa juu ya magunia. Mimi nilisimama nimekumbatia bomba la turubai njia nzima, kwa sababu kila shimo lilinipanda kutoka nyayo hadi meno, na nikiwa nimekaa ilikuwa mbaya zaidi. Sitalike lori liliposimama watu walishuka kwenda kuangalia viboko mtoni. Mimi sikushuka kwa kuwa sikuwa na uhakika wa kupanda tena.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, na hakunikaribisha.

"Nasikia umesahau kupiga magoti," alisema. "Hebu nione."

Nikatua mzigo, nikashuka. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri tu, akangoja niinuke. Nami nikangoja.

"Inuka."

"Siwezi, baba."

Alidhani nalia kwa hasira, akanigombeza. Mama yangu ndiye aliyekuja nyuma yangu akanishika kwapani ili aninyanyue. Mkono wake mmoja uliteleza ukapita mgongoni, ukasimama. Akaupitisha tena, taratibu, juu ya gauni.

"Mwanangu," alisema, "hiki ni nini?"

Katikati ya mgongo palikuwa na mfupa umetokeza kama kifundo cha muwa. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuona; nani anaona mgongo wake? Walinilaza kwenye mkeka pale pale nje. Miguu ilikuwa ipo, nilikuwa naiona, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyelala karibu yangu. Baba aliinuka kwenye kigoda akasimama, hajui aende wapi, kisha akaenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo. Kutoka Kasansa hadi hospitali ni safari ya siku nzima kiangazi, na masika Mungu ndiye anajua. Kwa siri yangu ile ningekaa huko mpaka mwisho wangu. Mayu aliponifukuza ndipo aliponisogeza karibu na daktari, ingawa wala yeye wala mimi hatukujua.

Baba aling'oa mlango wa chumba cha kulala, wakanilaza juu yake kwenye mkokoteni, tukaenda Mpanda. Hospitalini sikuweza kukaa, kwa hiyo nililazwa kwenye benchi la kungojea, nikachukua nafasi ya watu wanne. Walinung'unika kidogo. Halafu wakauliza naumwa nini, na baada ya hapo kila mmoja akaeleza mgongo wake: mmoja alianguka na mzinga wa nyuki, mwingine alishtuka kiuno kwa kuinua gunia la tumbaku, bibi mmoja alisema wake unatabiri mvua. Ukitaka kujua migongo ilivyo mingi duniani, laza mgonjwa wa mgongo kwenye benchi la hospitali. Tulingoja tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na nakiri wale watu walinisaidia.

Daktari aliniambia ninyanyue mguu wa kulia. Niliuagiza, nao ukachelewa, ukanyanyuka kidogo, ukaanguka. Alinichoma sindano nyayoni akaniuliza kama nasikia. Kisha nikapigwa picha, na siku ya pili akaiinua dirishani ili mwanga upite.

"Hizi ni pingili za mgongo wako," alisema. "Zinapandana kama unavyoziona. Hii hapa imeliwa, ya juu yake imeikalia. Katikati panapita mshipa unaoiamrisha miguu, na sasa umebanwa."

"Nitatembea?"

"Ukimaliza dawa, nafasi ipo kubwa. Ungengoja mpaka mavuno tungekuwa tunaongea mengine."

Muuguzi wa wodi alikuwa Sista Agripina, Mfipa mmoja mrefu asiye na maneno matamu. Aliponiuliza maumivu yalianza lini, nikamwambia. Akaacha kuandika.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Wewe ulikuwa unangoja kilio cha nani?"

Kwa mvua zote zilizobaki nilichomwa sindano kila asubuhi, kulia leo, kushoto kesho, mpaka sikubaki na upande wa kulalia. Vidonge nilimeza mbele ya Sista Agripina, kisha ananiambia nipanue mdomo aone kama vimekwenda. Masikio yalivuma kama kuna mashine ya kusaga jirani. Siku ya kwanza mkojo ulipotoka na rangi ya mawese nilimwita mama nikamuaga. Sista akasema ni dawa tu. Nawaambia wote ninaowatembelea kuhusu mkojo, mapema kabisa, ili wasiwaage mama zao bure.

Zama zile mtu akikonda na akitajwa kifua kikuu, watu walimalizia wenyewe. Walinipima Ukimwi na sikuwa nao, lakini majibu ya hospitali hayatembei haraka kama maneno ya sokoni. Baadhi ya ndugu walinisalimia wakiwa mlangoni, wameshika chupa ya chai kama watu wanaochelewa gari. Sikuwachukia. Mama yangu alilala chini ya kitanda changu, akapika kwenye mafiga nyuma ya wodi, akanigeuza kama mtu anavyogeuza gogo: mabega na nyonga kwa pamoja.

Mvua zilipokaribia kukatika wakanifunga plasta ya chokaa kutoka chini ya kidevu hadi nyongani. Ikiwa mbichi ina joto la kupendeza, nikasema kumbe. Ilipokauka ikawa nyumba. Chini yake mwili ulikuwa unawasha, na hakuna mkono unaofika. Jirani yangu wa kitanda, Mama Zuhura, aliyekuwa amevunjika paja, alinipa spoku ya baiskeli aliyoificha chini ya godoro. Ilipita kati ya plasta na ngozi mpaka mahali penyewe. Sista alipoikamata aliitupa, na mume wa Mama Zuhura akaleta nyingine. Katika ukarimu wote niliotendewa mwaka ule, spoku ile naiweka karibu na juu.

Masanja alikuja baada ya mavuno. Alikaa kwenye kiti, akazungusha kofia mikononi muda mrefu.

"Wazee wanasema ulikuwa unaumwa tangu kwenu," alisema mwishoni. "Kwamba tulipewa mtu mgonjwa na tukafichwa. Wanataka ng'ombe."

"Na baba yangu anasema nilikuja kwenu mzima, mkanivunja."

"Najua. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nipo katikati, Kabula."

Nilimwambia, katikati hapo nimelala mimi, atafute mahali pengine. Alicheka, halafu akalia. Sikuweza kugeuza shingo kumtazama, na labda ilikuwa heri. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, na Minza ni wa kwao. Miguu ilikuwa imeanza kusikia. Vidole vya kushoto vilikuwa vinacheza nikiviambia. Lakini sikuona vitanipeleka wapi.

Mayu alikuja kiangazi, wakati moshi wa nyasi zinazochomwa unaingia mpaka wodini. Hakutuma mtu kusema anakuja. Baadaye nilijua alikuja kujionea kama ugonjwa ni wa kweli, kabla wazee hawajaanza safari ya kudai. Alipitia Litapunga, na baba yangu, pamoja na ugomvi wote ule, alimchinjia mbuzi, maana mkwe ni mkwe. Basi akaja wodini na mama yangu, aliyekuwa amekwenda nyumbani kufuata chakula, nyuma yake, na bakuli la nyama.

Nilimsikia kabla sijamwona. Akasimama kando ya kitanda. Nilikuwa nimelala chali kama ubao, na salamu ndiyo iliyokuwa kesi yetu.

"Mwadila, mayu," nikasema nikiangalia dari.

"Mwadila."

Akagonga plasta kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayenunua mtungi. Nje barazani nikasikia sauti ya mtoto akiuliza habari za kuku, na ilikuwa sauti ya Minza. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Alikuwa amejifunza kusema sentensi nzima na mimi sipo.

Mama akaanza kunilisha. Ndani ya bakuli kulikuwa na kipande cha uti wa mgongo wa mbuzi kilichochemshwa mpaka pingili zinaachana zenyewe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwomba mama anipe zile pingili, nikazipanga juu ya plasta, kifuani pangu, moja baada ya nyingine, kwa kupapasa tu.

"Mayu," nikasema, "sogea uone. Hivi ndivyo mimi nilivyo ndani."

Akasogea. Mama mkwe wangu alipasua wanyama tangu akiwa msichana. Hakuna kiungo asichokijua. Nilichukua pingili moja ya katikati, nikamwambia yangu hii imeliwa, imebonyea, ya juu imeikalia. Nikamwonyesha tundu linalopitisha ule mshipa. Aliinyakua ile pingili, akaingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye tundu, akakizungusha.

"Uboho wa miguu unapita hapa," alisema.

"Hapo."

"Na ukibanwa mnyama anaburura miguu. Nimewaona ndama hivyo." Akaitoa pingili kidoleni. "Siku zile unanisalimia umesimama. Ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hiyo."

"Kwa nini hukusema, Kabula?"

"Niliogopa mtasema mmeoa mgongo mbovu."

Ndivyo wangesema, na wote watatu tulijua. Alizikusanya zile pingili moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akatoka. Nilidhani amekasirika. Kisha nikasikia anaongea nje, na ghafla dirishani, juu ya kitanda cha Mama Zuhura, kikatokea kichwa cha Minza, kisha mabega yake, na chini yake mikono ya bibi yake ikimnyanyua. Nilimwona vizuri bila kugeuza shingo. Aliniangalia kama unavyomwangalia mgeni. Mayu hakuwa kijana, na mtoto alikuwa mzito, lakini alimshikilia pale mpaka nilipotosheka.

Masanja alinisimulia yaliyofuata. Wazee walipokaa kuzungumzia ng'ombe, mayu aliomba nafasi, akafungua kitenge chake na kupanga mifupa ya mbuzi chini mbele yao. Akawauliza ni nani kati yao anayeweza kuinuka na pingili moja ikiwa hivi. Akawaambia huyu mtoto wa watu alipandikiza mpunga msimu mzima na mfupa ulioliwa, na alikuwa anashuka magoti na kuinuka, wao wakiangalia. Wazee wakasema wangoje kwanza waone. Hawakudai tena.

Plasta ilipopasuliwa nilijikuta na mwili wa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa inabanduka kama gamba la kitunguu, kifua chembamba, na harufu ambayo mama peke yake aliivumilia. Kifundo kilibaki, kipo mpaka leo, na washonaji wangu wanakijua. Nilijifunza kukaa, nikazimia. Nilijifunza kusimama nikishika kitanda, kisha nikishika bega la Sista Agripina, aliyekuwa mrefu mno kwa kazi hiyo. Masharti yalikuwa mafupi: nisiiname, nisibebe kitu mgongoni, nisiruke hata kidonge kimoja.

Nilipoweza kutembea mpaka mlangoni, nilimwambia Sista nataka kujifunza kupiga magoti.

"Wewe ulikuja hapa kutibiwa au kufundwa?"

"Vyote viwili," nikasema.

Alisonya. Lakini kesho yake akaleta mkeka. Akanionyesha kushuka bila kuinama: goti moja kwanza, mkono juu ya paja, mgongo wima kama ukuta, kisha goti la pili. Kuinuka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, na macho yakitazama mbele, sio chini. Nilimpigia magoti Sista Agripina kila asubuhi kwa majuma mengi. Mama Zuhura alicheka mpaka paja likamuuma.

Vidonge vilivyobaki nilivimalizia Litapunga. Mvua nyingine zikaja zikapita juu yangu nikiwa nimekaa barazani, nachambua maharage. Daktari aliponiambia nimemaliza, Masanja alikuja kunichukua.

Tulifika Kasansa jioni. Mayu alikuwa amekaa mbele ya jiko anapepeta mchele, na Minza kando yake. Wifi zangu walitoka kuangalia. Nilimpa Masanja mzigo, nikatembea mpaka mbele yake, nikashuka: goti moja, mkono pajani, mgongo wima, goti la pili.

"Mwadila, mayu."

Alikuwa ameacha kupepeta. "Mwadila, ng'wanone," alijibu, yaani mwanangu, neno ambalo hakuwahi kuniita. Akaweka ungo chini, akaninyooshea mikono yote miwili aninyanyue.

"Ngoja, mayu," nikasema.

Maana kushuka nilikuwa nakuweza tangu zamani. Nikatazama mbele, nikaweka mkono pajani, nikainuka peke yangu bila ukuta, bila uzio, bila mbuzi. Nilifurahi kupita kiasi, sioni haya kusema. Minza alikuja, akanizunguka kwenda nyuma, akagusa kifundo kwa kidole, akarudi mbele akashika mkono wangu. Sikumbeba mgongoni tena, wala waliomfuata. Wote walibebwa na bibi yao.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa umelala: dari utaizoea. Tafuta spoku. Usimfiche mtu maumivu yanayokaa mahali pamoja na kukutoa jasho usiku, hata kama mtu huyo anakutisha kuliko ugonjwa. Na mgonjwa asiye na adabu, mpapase mgongo kwanza.

Mayu sasa ni mzee, macho yamefifia, na bado ndiye anayewapokea wake wapya wa kaya yetu. Wote anawafundisha kusalimia, na anawafundisha hivi: goti moja kwanza, mkono pajani, mgongo wima, macho mbele. Anayeinama anarudishwa aanze upya. Juzi tulioa binti kutoka Misunkumilo, Msukuma mwenzetu, amefundwa vizuri kwao. Alirudishwa mara tatu, akaishiwa uvumilivu.

"Bibi, samahani," alisema. "Kwetu tunapiga magoti tu na kuinamisha mgongo. Hapa kwa nini mnashuka hivi?"

Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nimesimama, mgongo kwenye nguzo. Nikaacha kusonga ili nisikie.

"Ni mila yetu," mayu alimwambia. "Tuliipata kwa shida. Haya, anza tena."